Maji ya Jangwani Yanaanzia Juu



Masika yakikolea, Dar es Salaam huamkia habari ileile: Jangwani pamefungwa. Barabara ya Morogoro imekatika pale bondeni, mabasi ya mwendokasi yanageuzia Magomeni, na aliyekuwa anakwenda Kariakoo au Posta anatafuta bodaboda wa kumzungusha, au anavua viatu. Maji ya rangi ya chai yanapita juu ya lami yakiwa yamebeba magogo, matairi, chupa za plastiki na milango ya nyumba za watu. Mvua ikikatika, viongozi wanafika, wanatazama, wanatoa pole, halafu linatoka tamko tunalolijua kwa moyo: wakazi wa mabondeni wahame.

Leo nataka tulizungumze tamko hilo. Sisemi ni la uongo. Mtu hapaswi kulala mahali ambapo mto unaweza kumfuata kitandani. Ninachosema ni kwamba tamko hilo limeishika habari mkiani. Linamtazama aliyefikiwa na maji, halimuulizi aliyeyatuma. Na walioyatuma maji hayo ni wengi, wanakaa juu, wana nyumba nzuri, na pengine baadhi yao wananisikiliza sasa hivi wakiwa kwenye foleni ya Ubungo.

Tuanze na mto wenyewe. Mto Msimbazi si mrefu. Unaanzia milima ya Pugu, upande wa Kisarawe, unapita Kinyerezi, Segerea, Tabata, Vingunguti, Kigogo, unakuja Jangwani, kisha unaingia Bahari ya Hindi pale daraja la Salenda, Upanga. Safari yote hiyo haifiki kilomita 40. Njiani unapokea matawi kutoka upande wa Kimara, Ubungo, Manzese na Sinza, likiwemo lile la Mto Ng'ombe ambalo watu wa Mwananyamala na Tandale wanalijua vizuri kuliko mimi. Kwa hiyo ukichukua ramani ya Dar es Salaam ukaweka kidole pale Salenda, halafu ukafuata kila mfereji kurudi nyuma, utajikuta umepita karibu katikati nzima ya jiji. Mvua iliyonyesha kwenye maeneo yote hayo haina mlango mwingine wa kutokea. Ni lazima ipite bonde la chini la mto huu.

Zamani mlango huo ulitosha. Mvua iliponyesha Pugu ilikuta msitu. Iliponyesha Kimara na Segerea ilikuta mashamba ya mihogo, mikorosho, miembe na mchanga mtupu, na mchanga wa pwani unakunywa maji haraka. Sehemu ya maji ilizama chini, nyingine ikakaa kwenye majani, na iliyobaki ikateremka taratibu ikafika bondeni siku ya pili yake. Bonde lenyewe lilikuwa pana, lina matete na mikoko mwishoni, likayapokea na kuyatua baharini.

Sasa twende kwenye hesabu, na naomba unifuatilie kwa sababu ni nyepesi. Mvua ya milimita moja ikinyesha juu ya mita moja ya mraba ni lita moja ya maji. Nyumba ya kawaida ya familia, yenye vyumba vitatu na sebule, ina paa la kama mita za mraba 100. Ikinyesha mvua ya milimita 50 kwa usiku mmoja, na Dar es Salaam hupata mvua za namna hiyo kila msimu, paa hilo moja linamwaga lita 5,000. Hilo ni simtanki kubwa zima. Nyumba 20 za mtaa mmoja zinamwaga lita 100,000. Bado hatujahesabu ua uliojazwa pevingi kuanzia getini hadi mlango wa jikoni, wala paa la kanisa, la msikiti, la shule, la yadi ya magari, la kituo cha mafuta, wala lami ya barabara yenyewe. Maji yote hayo hayazami tena. Yanapita kwenye kitundu kilichoachwa chini ya ukuta wa uzio, yanaingia barabarani, yanatafuta mfereji, na ndani ya saa chache yako Kigogo.

Sensa ya mwaka 2012 ilihesabu watu 4,364,541 katika Mkoa wa Dar es Salaam. Sensa ya 2022 ikahesabu 5,383,728. Ni watu zaidi ya milioni moja walioongezeka katika miaka kumi, na wengi wao hawakwenda kujenga Jangwani. Walijenga juu: Kinyerezi, Kifuru, Msigani, Kimara ndani huko. Kila aliyejenga aliezeka bati, akaweka pevingi, akajenga ukuta, na maji ya bati lake akayatoa nje ya ukuta. Kibali cha ujenzi, kwa wale waliokuwa nacho, hakikuwauliza maji yale yanakwenda wapi baada ya kutoka nje ya ukuta.

Wahenga walisema mchuma janga hula na wa kwao. Hapa kwetu anayechuma yuko Kimara na anayekula yuko Mkwajuni, bondeni, na hata hawajuani.

Maji hayateremki peke yake. Kimara na maeneo yote yale ya vilima udongo wake ni wa kichanga. Maji yakikimbia juu yake yanauchimba. Ukipita mitaa ya Kimara, Makuburi au Kisukuru utaona makorongo ambayo miaka 15 iliyopita yalikuwa njia za kupita watu kwenda dukani. Sasa yamekula kona za nyumba, na wenye nyumba wanayaziba kwa viroba vya mchanga na matairi chakavu. Mchanga ule unateremka hadi mahali ambapo mto unapungua kasi, na mahali hapo ni Jangwani. Ndiyo maana chini ya daraja la Jangwani mchanga unajaa kila mwaka, mitambo inaletwa, unachotwa, na mvua inayofuata unajaa tena. Mto umeinuka. Mafuriko ya leo hayahitaji mvua kubwa kama ile ya zamani, kwa sababu nafasi ya maji chini ya daraja imekwisha kuliwa na mchanga.

Na huko juu kwenye mto wapo vijana wanaochimba mchanga huohuo kwa ajili ya ujenzi. Wanauchimba kwenye kingo, kwa koleo, wanajaza Fuso, mchanga unakwenda kujengea nyumba nyingine mpya huko juu. Kingo zikichimbwa zinabomoka, mto unapanuka, nyumba iliyokuwa mbali na mto inajikuta ukingoni. Nimewaona wakifanya kazi hiyo maji yakiwa kiunoni. Ni kazi ngumu yenye malipo madogo, na sina ujasiri wa kumwambia kijana yule aache wakati sijamwonyesha afanye nini. Lakini anayenunua mchanga ule anaweza kuuliza umetoka wapi.

Halafu kuna taka. Hapa nataka nirudi nyuma kidogo, kwa sababu jiji hili lina kesi moja ambayo kila mkazi wake angepaswa kuijua. Mwaka 1988, wakazi wa Tabata walichoka na moshi na harufu ya dampo lililokuwa kwao. Mmoja wao, Joseph Kessy, pamoja na wenzake, wakalishtaki Jiji katika Mahakama Kuu. Mahakama iliwapa haki: Jiji likaambiwa liache kutupa taka Tabata na litafute mahali ambapo halitawadhuru watu. Jiji likaomba muda, likaongezewa, likaomba tena. Mwaka 1991 ombi lilipofika mbele ya Jaji Lugakingira, alikataa, na akasimamia haki ya kuishi iliyomo katika Ibara ya 14 ya Katiba yetu. Kwa maana nyingine, mahakama ya Tanzania ilitamka mapema kabisa kwamba kumvutisha mtu moshi wa taka ni kuugusa uhai wake.

Ushindi ule ulikuwa mkubwa na unastahili heshima. Lakini tazama taka zilikwenda wapi baadaye. Baada ya muda dampo lilifika Vingunguti, kando ya bonde hilihili la Msimbazi. Kutoka Vingunguti likaenda Mtoni. Kutoka Mtoni likaenda Pugu Kinyamwezi, ambako liko hadi leo, na ambako ni mbali kiasi kwamba mzoa taka wa guta hawezi kufika. Kila mara taka zilihama kutoka kwa waliopata sauti kwenda kwa ambao hawajapata. Na zile ambazo hazikuzolewa na gari lolote hazikukaa nyumbani. Zilisubiri mvua. Usiku mvua ikianza, utasikia milango ikifunguliwa, na viroba vinatupwa mfereji wa barabarani. Marufuku ya mifuko ya plastiki iliyoanza Juni 1, 2019 imesaidia sana, ile mifuko myembamba ya rangi haionekani tena kama zamani, lakini chupa, nepi za watoto, nguo chakavu na maganda bado yapo, na mfereji ulioziba hauchagui umezibwa na nini.

Sasa naomba radhi kwa walio mezani, kwa sababu siwezi kuzungumzia mafuriko ya jiji hili nikaacha vyoo. Mfumo wa majitaka wa mabomba unawafikia watu wachache sana, takribani mmoja kati ya kumi. Waliobaki tuna mashimo. Kwenye mitaa ya mabondeni maji ya ardhini yako karibu, ukichimba futi chache unakuta maji, kwa hiyo choo kinajengwa kwa kupanda juu: tofali zinainuliwa, unapanda ngazi tatu au nne kwenda haja. Sasa tazama ubavuni mwa choo hicho, usawa wa goti. Utaona tundu la bomba limezibwa kwa tambara na udongo, au kipande kilichozibwa kwa saruji mpya isiyofanana na ile ya ukuta. Shimo likijaa, na gari la kunyonya majitaka haliwezi kupita kwenye vichochoro, na hata likipita bei yake mpangaji haiwezi, familia inasubiri mvua kubwa. Mvua ikishuka, tambara linatolewa. Mtaani wanaita kutapisha choo. Kinyesi kinaondoka na maji, kinaingia kwa jirani wa chini, kisha kwa wa chini yake.

Wako pia wapakuaji wa vyoo kwa mikono, ambao watu huwaita vyura. Wanaingia shimoni usiku kwa ndoo na mafuta ya taa, wanachimba shimo la pili pembeni, wanahamishia humo. Kazi yao inaokoa mitaa mingi na hakuna anayewapa hata glavu.

Mwezi Agosti 2015 kipindupindu kilizuka Dar es Salaam, kikasambaa hadi mikoa mingi ya nchi na Zanzibar. Watu waliambiwa wachemshe maji na wanawe mikono, na ni ushauri sahihi. Lakini mtu anayekaa mwisho wa mteremko anaweza kuchemsha maji yake yote, akanawa kila saa, na bado asubuhi akaamka na choo cha watu wa nyumba ya tano kutoka kwake kimeingia jikoni.

Je, anayekaa bondeni hajui hayo? Anayajua kuliko mimi na wewe. Nimewahi kuingia katika nyumba za Suna na Mkwajuni. Mlangoni pana kizingiti cha tofali za saruji kinachofika magotini, unakivuka kwa kuinua mguu kisha unashuka ndani. Kitanda kimewekwa juu ya matofali, friji iko juu ya meza. Ukutani kuna mistari ya tope, mmoja juu ya mwingine, na mwenyeji anakutajia kila mstari na mvua yake. Juu kwenye kenchi pamefungwa mfuko wa nailoni, ndani yake vyeti vya shule vya watoto, vya kuzaliwa, na karatasi za nyumba. Huyu si mtu aliyepuuza hatari. Amejipanga nayo kila siku ya maisha yake, kwa fedha yake.

Ukimuuliza kwa nini hahami, atakupa hesabu iliyonyooka. Yeye ni mchukuzi Kariakoo, au anauza chai na maandazi, au mkewe ni mama ntilie. Saa kumi na moja alfajiri anatembea kwa miguu hadi kazini. Akihamia Chanika au Bunju, nauli ya kwenda na kurudi, ya yeye na mkewe, inameza faida yote ya siku. Mvua inamtesa wiki chache kwa mwaka. Nauli ingemtesa kila asubuhi.

Tulipata somo hili mwaka 2011. Mwezi Desemba mwaka huo ilinyesha mvua ambayo Mamlaka ya Hali ya Hewa ilisema haijaonekana tangu 1954. Zaidi ya watu 40 walipoteza maisha. Serikali iliwapa waathirika viwanja Mabwepande, nje kabisa ya jiji, upande wa Bunju. Ilikuwa nia njema. Waliopata viwanja walipata ardhi kavu, na wapo waliojenga na kustawi huko. Lakini wengine walirudi bondeni, wakapanga chumba palepale walipotoka, kwa sababu Mabwepande ilikuwa na kiwanja na haikuwa na Kariakoo. Na wapangaji, ambao mabondeni ni wengi mno, hawakuwa na nyumba ya kufidiwa, basi wakatafuta chumba kingine cha bei ileile, na vyumba vya bei ile viko bondeni.

Desemba 2015 likaja bomoabomoa. Nyumba zilipigwa alama ya X kwa rangi nyekundu, magreda yakaingia, watu wakalala nje juu ya magodoro yao. Sheria ilitajwa: Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu za kibinadamu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto. Ni sheria nzuri. Lakini wakazi walikuwa na swali ambalo sikulisikia likijibiwa vizuri: kama hapa si mahali pa kuishi, mbona kuna nguzo za umeme, mita za maji, na risiti za kodi ya majengo zenye namba ya nyumba hii?

Na jambo jingine. Mipango miji ya mwaka 1968 na 1979 ililiacha bonde la Msimbazi wazi, lisijengwe. Wataalamu walikwisha kuona. Lakini karakana na maegesho ya mabasi ya mwendokasi, ambayo yalianza kazi mwaka 2016, vilijengwa Jangwani, ndani ya bonde lilelile, kwa fedha za umma. Maji yaliifuata karakana kama yalivyozifuata nyumba za Suna, zaidi ya mara moja, na mabasi mapya yakasimama ndani ya tope. Mamlaka inayojenga bondeni inapunguza uzito wa neno lake kila inapomwambia muuza maandazi asijenge bondeni. Nalisema hili kwa uchungu kwa sababu mwendokasi ni kitu kizuri, kimewafupishia safari maelfu ya watu, na kilistahili kuwekwa pakavu.

Sasa kuna mradi mkubwa. Mwaka 2022 Benki ya Dunia iliidhinisha mkopo wa dola milioni 200 kwa ajili ya bonde la Msimbazi, na Uholanzi na Hispania zikaongeza fedha zao. Mpango ni kupanua na kuchimba mto sehemu ya chini, kujenga daraja jipya refu na la juu zaidi pale Jangwani, kuihamisha karakana, na kuligeuza bonde kuwa bustani ya jiji ambayo ikifurika haiui mtu. Wenye nyumba walianza kulipwa fidia na nyumba zikaanza kuondolewa. Naunga mkono mradi huu. Jiji la zaidi ya watu milioni tano lenye bustani chache kiasi hiki linahitaji mahali ambapo mtoto anaweza kukimbia na mzee akakaa kivulini.

Lakini nina hofu mbili, na nazisema wazi.

Ya kwanza ni mchanga na maji ya juu. Ukichimba Jangwani ukaacha Kimara na Kinyerezi vikimwaga kama vinavyomwaga sasa, utakuwa unachimba kila mwaka. Misitu ya Pugu na Kazimzumbwi imekatwa mkaa kwa miaka mingi, na mkaa huo umepikia vyungu vya jiji hilihili. Mradi unaoishia chini utakuwa sawa na kukinga ndoo chini ya bati linalovuja na kuliacha bati lilivyo.

Ya pili ni watu. Fidia kubwa inamfuata mwenye nyumba. Mchukuzi wa Kariakoo aliyekuwa mpangaji kwenye nyumba hiyo bado anahitaji chumba anachoweza kukilipia, mahali anapoweza kutembea hadi kazini. Asipokipata, atakwenda bonde jingine: Mto Ng'ombe, Mto Mlalakuwa, Mto Kizinga kule Mbagala. Tutakuwa tumeyahamisha mafuriko kama tulivyolihamisha dampo.

Na hili linawezekana kufanywa vizuri, kwa sababu tumeshalifanya. Hatua chache tu kutoka Jangwani, juu kidogo, kuna Magomeni Kota. Wakazi wa zamani wa kota zile waliondolewa, wakasubiri miaka kumi ambayo hakuna anayepaswa kusubiri, lakini mwaka 2022 walirudi: kaya 644 zikapewa nyumba kwenye maghorofa yaliyojengwa palepale walipokuwa wakiishi. Hawakupelekwa Mabwepande. Mtu anashuka ngazi asubuhi na Kariakoo iko mbele yake. Serikali ikiweza kwa kaya 644, iweze kwa nyingine, na ianze na wale ambao kwa kuhama kwao bustani yetu inapatikana. Zijengwe na nyumba za kupanga, vyumba viwili na choo cha ndani kilichounganishwa na bomba la majitaka, kwa bei ya mchukuzi.

Sasa nizungumze na wewe unayekaa juu. Oktoba na Novemba 2022, Mto Ruvu ulipungua, na Dar es Salaam ikaingia kwenye mgao wa maji. Tulinunua maji ya maboza na ya madumu. Ndoo zilipanga foleni usiku kucha. Jiji linalozama Aprili ndilo lililokuwa na kiu Oktoba. Yale maji ya bati lako, lita 5,000 za mvua moja, uliyatoa nje ya ukuta yakamzamishe mtu Mkwajuni, halafu baada ya miezi sita ukanunua maji kwa bei ya dumu.

Funga gata. Weka simtanki moja, hata dogo. Simtanki likijaa, elekeza maji yanayobaki kwenye shimo lenye kokoto ndani ya ua wako, yazame. Ng'oa pevingi nusu ya ua, panda mwembe au mwarobaini. Kama una nyumba ya kupangisha, jenga choo ambacho kinaweza kunyonywa, na gharama yake igawe na wapangaji wako kidogo kidogo badala ya kuwaacha wasubiri mvua. Na wewe mwenyekiti wa serikali ya mtaa wa huko juu, mkutano ujao usiwe wa ulinzi shirikishi peke yake. Uliza, mbele ya watu wote, mfereji wa mtaa wetu unamwaga wapi, na nani anakaa hapo unapomwagia.

Kwa halmashauri ombi langu ni moja: kibali cha ujenzi kisitoke bila mchoro unaoonyesha maji ya paa yatavunwa au yatazama wapi ndani ya kiwanja hichohicho. Ni mstari mmoja kwenye fomu. Hauhitaji mkopo wa benki yoyote.

Mvua za vuli huanza Oktoba. Fundi bati anaweza kufunga gata za nyumba nzima ndani ya siku moja au mbili. Mpigie kabla mvua haijaanza. Na kama uko bondeni na mvua inanyesha sasa hivi, acha vyombo, beba watoto, panda juu.